Hesabu Alizokula Kulwa

Francistown, Botswana
Jumapili mchana

Kwako ndugu yangu wa tumbo moja, Kulwa,

Assalaam alaykum. Shikamoo usiisubiri. Kunitangulia kutoka tumboni kwa muda wa kuchemsha chai hakujawahi kukufanya mkubwa wangu, hata kama Mama ana maoni tofauti. Nauliza hali yako na ya nyumba nzima. Mgongo wa Mama unaendeleaje tangu baridi ilipoisha? Na wifi yangu, kile kikohozi kimemwachia? Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu, ila joto linatukaanga na mvua bado haijaonyesha dalili.

Barua hii anaileta muuguzi mmoja wa Igunga ninayefanya naye kazi. Anakwenda likizo na atapita Tabora. Nimempa pia miwani mpya ya Mama, maana ile ya zamani najua anaifunga kwa uzi na anakataa kusema. Nimeona niandike badala ya kukutumia sauti kwa simu kwa sababu maneno yenyewe ni marefu, na wewe sauti ndefu huzisikilizi, unaruka mpaka mwisho kisha unajibu "sawa".

Huku ardhi ina rangi ya kwetu. Miti imesimama mitupu kama ile ya njia ya Igalula kabla ya masika, na ng'ombe wanapita barabarani bila kumwogopa mtu. Ndiyo maana nilipofika mara ya kwanza macho yangu hayakuona ugeni. Ugeni nilikuja kuuona masikioni na mdomoni. Kisetswana sasa nakimudu cha kazini, cha kumwambia mtu angalia juu, angalia chini, lakini utani wao bado unanipita. Ramadhani iliyopita nilifuturu peke yangu siku nyingi. Nilikata viazi vitamu, nikavichemsha na kuvianika dirishani, nikidhani nitapata matobolwa. Vikaota ukungu. Nikavitupa, nikakaa kitandani nikawa nacheka, kisha sikuwa nacheka tena.

Reli inapita karibu na ninapoishi. Treni ya mizigo ikipiga honi jioni, roho yangu inafika Tabora kabla yangu. Naona stesheni, naona wanawake wamejipanga na asali kwenye chupa na karanga za kuchemsha, naona ile miembe mikubwa kwenye barabara ya zamani ya misafara, ambayo Bibi Nyamizi alikuwa akituambia ilipandwa na wapagazi waliokuwa wakitema kokwa wakielekea Ujiji. Halafu naona baraza ya Baba pale Gongoni, cherehani mlangoni, na kanzu nyeupe zimetundikwa zikisubiri darizi. Hapo huwa nafunga dirisha.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Ulinitumia ujumbe kwamba binti yako Tatu akimaliza mtihani wa kidato cha pili anataka kuacha fizikia. Amesema hesabu zimemshinda, fizikia ni hesabu zilizovaa nguo nyingine, na kwamba kichwa hicho amekirithi kwa shangazi yake. Mtoto ambaye likizo yangu iliyopita alinikokota juani kwenda kuangalia reli mpya inavyojengwa, akanionyesha daraja na kuniambia, "Shangazi, mimi nitakuwa mhandisi wa hivi vitu." Bila fizikia hilo limekwisha, na yeye analijua.

Amesema kweli kwamba mimi hesabu zilinishinda. Lakini hajui zilinishindaje, wala jinsi mambo yalivyoishia. Wewe unayajua, vumilia tu, maana nayaandika ili umpe asome mwenyewe.

Tatu, mwanangu, mimi na baba yako tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Tulikuwa wengi darasani, na mapacha sisi tulikaa nyuma kwa sababu tulikuwa warefu. Kilichoandikwa ubaoni baba yako alininong'oneza. Sikujua kwamba watu wengine wanakiona wenyewe. Nilidhani ubao ni kitu cheusi chenye vumbi jeupe, na kwamba kila mtoto ana mtu wa kumnong'oneza. Tulipofika darasa la nne, mwalimu wa hesabu akachoka na minong'ono yetu, akatutenganisha. Baba yako akapelekwa mbele. Mimi nikabaki nyuma na ukuta.

Masomo mengine niliyafuata kwa masikio. Historia ilisomwa kwa sauti, Kiswahili kilikuwa kitabuni, karibu na pua yangu. Hesabu peke yake ilikaa ubaoni. Mwalimu aliandika, akafuta, akaandika tena, na alipokuwa akifuta nilikuwa najua kwa kusikia tu sauti ya kifutio kwamba jambo lingine limenipita. Ilikuwa wakati wa sehemu, ile ya kuwa na namba juu na namba chini. Siku moja aliniita ubaoni. Nilipofika karibu niliona namba vizuri kabisa, lakini zilikuwa zimeandikwa kwa lugha nisiyofundishwa. Nikasimama na chaki. Darasa likacheka, na mwalimu akasema, "Rudi ukakae, wewe na mwenzako hamkugawana sawa."

Maneno hayo yakafika nyumbani. Bibi yetu, ambaye alipenda utani kuliko chakula, akayapokea kwa mikono miwili. Mgeni akija anamwambia, "Kulwa huyu alikula hesabu zote humo tumboni. Doto akaachiwa maneno." Watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Utani wa mapacha kwetu hauna mwisho, na Bibi hakuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini mtoto akiambiwa jambo kila siku kwa kicheko, analivaa kama nguo yake. Nikawa Doto wa maneno. Nilipopata sifuri sikulia, kwa sababu hesabu hazikuwa zangu, zilikuwa za Kulwa.

Macho ya Bibi yalikuwa yakififia kwa miaka; tulikuwa kidato cha pili alipoanza kujigonga mlangoni na kumwagilia kuku chai. Tukasikia wamekuja waganga wa macho Kipalapala, wanapima watu bure. Mama alikuwa na kazi, nikaambiwa mimi nimpeleke. Tulipanda baiskeli ya kukodi, Bibi amekaa nyuma ameshika kiuno changu na kunilaumu kwa kila shimo. Nami nilikuwa siyaoni mashimo mpaka nifike.

Pale kwenye upimaji kulikuwa na dada mmoja mwenye koti jeupe, mpole, Mhaya kwa lafudhi. Ukutani alikuwa ametundika karatasi yenye herufi E zimegeuzwa huku na huku. Mgonjwa anaonyesha kwa vidole miguu ya herufi imeelekea wapi. Bibi hakuelewa maelezo. Yule dada akaniambia, "Mjukuu, simama hapa umwonyeshe mfano. Ile ya mstari wa tatu imeelekea wapi?"

Nikamuuliza, "Mstari upi?"

"Ule wa tatu kutoka juu."

"Mimi naona karatasi," nikamwambia.

Akaniangalia. Akamwambia Bibi, "Bibi, tuachie kidogo, tuanze na huyu." Akanivika fremu nzito ya chuma, akawa anachomeka vioo kimoja baada ya kingine na kuniuliza kipi ni bora. Baadaye akanishika bega, akanigeuza mlangoni.

Kulikuwa na mti mbele ya jengo. Nilikuwa nimeona miti maisha yangu yote, na siku hiyo nikaona kwamba kila jani lipo peke yake, lina ncha, linatikisika kwa wakati wake. Nikaona mafrateri wa seminari ya pale wanapita mbali na nyuso zao zina nyusi. Bibi akauliza, "Mbona mtoto ananyamaza, mmemfanya nini?"

Nikamuuliza yule dada, "Kazi hii yako mtu anaisomea wapi?" Akaniambia kuna chuo Moshi. Nikamuuliza wanataka nini. Akasema, "Biolojia, fizikia iwe nzuri, na hesabu. Humu kwenye vioo ni hesabu tupu, mdogo wangu." Nikavua ile fremu nikamrudishia. Nilikuwa nimepata kitu cha kutaka na kukipoteza kabla hatujapanda baiskeli.

Miwani yangu ilikuja baada ya wiki kadhaa; Bibi aliambiwa macho yake yamechelewa. Hapa, Tatu, sikiliza vizuri, kwa sababu watu wakisimulia habari hii huishia hapo na kusema basi, mtoto akaona ubao, akafaulu. Sivyo. Nilivaa miwani nikaenda kwenye mtihani wa hesabu nikiwa na furaha. Matokeo yalipokuja, niliona sifuri yangu vizuri sana. Macho yalikuwa yamepona, lakini miaka yote iliyopita ubaoni ilikuwa haijarudi. Siku hiyo ndiyo nililia, kwa sababu kisingizio kilikuwa kimekwisha.

Baba yako alinikuta nyuma ya choo. Hakunibembeleza, hajui. Aliuliza tu, "Mara ya mwisho kuelewa ilikuwa lini?" Nikamwambia sijawahi. "Uongo," akasema. "Kujumlisha unajua. Kuzidisha unajua, nilikunong'oneza mwenyewe. Ulipotelea wapi?" Tukarudi nyuma mpaka tukapafikia: sehemu, darasa la nne. Kesho yake akaazima kitabu cha darasa la nne kwa mtoto wa jirani. Mimi nilikuwa kidato cha pili, mwanamke mrefu mwenye miwani, nimekaa barazani Gongoni na kitabu chenye picha za machungwa yaliyokatwa. Wasichana wenzangu wakipita ninakifunika kwa kanga.

Na baba yako hakuwa mwalimu mwema, asikudanganye. Jibu lilimjia haraka mno. Alikuwa akisema, "Hata hili hujui? Si hili hapa?" na kuandika jibu kabla sijamaliza kusoma swali. Siku moja nilirusha kalamu ikampata shavuni. Nikasema, "Hesabu ulizikula, zibaki tumboni mwako." Tukaanza kugombana kama watoto wa miaka mitano.

Babu yako alikuwa anashona, hakuwa na desturi ya kuingilia. Alisimamisha mashine. Akasema taratibu, "Kulwa, unamfundisha mwenzako au unajionyesha?"

Baba yako akaokota ile kalamu. Kisha akanisogezea daftari na kusema, "Haya. Nisimulie wewe. Niambie unachofikiri, hata kama ni upuuzi, mimi nitanyamaza." Nikaanza kusimulia. Nilikuwa Doto wa maneno, si ndivyo walivyosema? Basi nikazieleza hesabu kwa maneno, hatua moja moja, na pale nilipokwama sauti ilikwama pia, na sote wawili tukajua kwamba shimo lipo hapo. Tukalifukia, tukaendelea mbele. Kila siku baada ya swala ya alasiri, mvua na jua, mpaka machungwa yakaisha tukaingia kwenye mambo ya kidato chetu. Nikapata D. Nikaipeleka kwa Bibi, akaipapasa karatasi kwa vidole na kusema kwa Kinyamwezi jambo ambalo Mama hajakubali kunitafsiria. Kidato cha nne nikapata C. Baba yako alipata A, bila kutoa jasho.

Chuoni Moshi nilianguka mtihani wa kwanza wa vioo na mwanga. Lakini sasa nilikuwa nimejua jambo moja, kwamba kutoelewa kuna mahali pake, na mtu akirudi nyuma kwa uvumilivu anapakuta. Nikarudi nyuma, nikapakuta. Mpaka leo mimi si mwepesi. Wenzangu wanakokotoa kwa mara moja, mimi nafanya, kisha nafanya tena. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza kwa nini nachelewa.

Macho yako wewe Tatu ni mazima, nilikupima mwenyewe nilipokuja, kwa hiyo usitafute njia hiyo. Una mahali ulipopotelea, na mimi sipajui. Fizikia ukiichoka kwa sababu umependa kitu kingine, iache kwa amani, nitakuja kukupigia vigelegele huko utakakokwenda. Lakini usiiache kwa sababu ya urithi. Kwangu hakuna urithi huo. Ulikuwa utani wa bibi kizee aliyekuwa haoni, kuhusu mtoto aliyekuwa haoni.

Sasa Tatu, karatasi inayofuata si yako. Mpe baba yako.

Kulwa, Mama ameniambia. Usimkasirikie, nilimbana mwenyewe. Amesema Tatu alipokuja na habari hiyo kwako hukumkatalia. Ulimwambia aache tu. Ulimwambia, "Hesabu nilizijua mimi kuliko wote mji huu, zimenifikisha wapi? Zimenifikisha kwenye cherehani ya baba."

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulikuwa umepangiwa shule ya kidato cha tano na sanduku Mama alikuwa ameshakununulia. Mkono wa Baba ukafa ganzi. Ukasema mashine haiwezi kukaa bila mtu, niende mimi chuoni Moshi, wewe utakwenda mwaka unaofuata. Mwaka unaofuata ukawa na mwaka wake unaofuata. Hukunilaumu hata mara moja, na nadhani ingekuwa rahisi kwangu kama ungenilaumu. Unashona vizuri, watu wanatoka Kigwa na Nzega kufuata kanzu zako, lakini sitasema kwamba hilo linalipa. Halilipi. Nalijua, na nimeona heri likuume ukijua kwamba nalijua.

Lakini umeuliza zimekufikisha wapi, na swali hilo naweza kulijibu.

Nimepewa kufundisha wageni wa kazi hapa kliniki. Kuna binti mmoja, Kagiso, ana mikono mizuri na wagonjwa wanampenda, lakini ikifika kwenye kukokotoa anaingiwa na baridi. Mwezi uliopita aliniambia anataka kuhamia mapokezi. Nikamwambia kaa hapa, nisimulie unachofikiri, mimi nitanyamaza. Siku ya kwanza alinisimulia huku akilia. Siku nyingine hakulia.

Juzijuzi hapa aliletwa mzee mmoja mfugaji kutoka vijiji vya mbali huko. Binti yake alisema baba amekuwa mkali, hasalimu watu, anapita kijijini kama hawajui. Kagiso akampima. Macho yake yalikuwa magumu kupima, kioo cha kila jicho kimepinda kwa namna yake. Akaandika hesabu, akanisimulia hatua kwa hatua, nami nikazipitia mara ya pili, kwa namna ileile niliyozoea barazani kwetu. Zilikuwa sawa. Lenzi zikakatwa, mzee akaitwa, Kagiso akamvika miwani kwa mikono yake na kumgeuza kwenye dirisha.

Uani binti yake alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Mzee aliangalia. Hakupiga kelele. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesoma neno, "Kumbe mtoto anafanana na mama yangu." Alikuwa hajawahi kuuona uso wa mjukuu wake vizuri.

Zimefika hapo, Kulwa. Mimi nilizibeba tu. Ulizonifundisha barazani ni zako, na zimekuja mpaka huku kwa watu ambao hawatakujua jina, kwa mkono wa msichana ambaye hajui Tabora iko upande gani wa dunia.

Likizo yangu bado ni mbali, na Tatu atachagua masomo kabla sijafika. Ananiambia kwenye simu kwamba atanisubiri nije nimfundishe. Mwambie asinisubiri. Mwalimu aliyenifundisha mimi anaishi naye nyumba moja.

Msalimie Mama, mwambie miwani hii ana ruhusa ya kuivaa hata siku ambazo si za sherehe. Msalimie sana wifi yangu, mke wako, kwa subira yake na wewe. Mpe salamu mjomba wa stesheni, nasikia bado anakataa kustaafu, na shangazi yetu wa Ng'ambo aliyetutunza wakati wa msiba wa Baba. Kwenye kaburi la Bibi nisomee Fatiha, na ukimaliza mwambie taratibu kwamba namsamehe utani wake, ila tumeuacha.

Tatu mbusu kwenye paji la uso, hata akigoma.

Ni mimi pacha wako, niliyezaliwa wa pili na ambaye sijaona haraka tangu hapo,

Doto